Jua Linapozama: Nyimbo Kuu za Miriam Makeba kwa Masikio ya Kanisa

Watoto wa shule za Tunduma wakiimba wimbo wa taifa asubuhi, na wenzao wa Nakonde wakiimba wa kwao, tuni ni moja. Maneno ni mengine, bendera ni nyingine, na katikati kuna forodha na foleni ya malori isiyoisha. Lakini anayejua kuimba sauti ya tatu upande huu anaweza kuvuka na kuiimba upande ule bila kufundishwa. Tuni hiyo haikutungwa ikulu. Aliitunga Enoch Sontonga mwaka 1897, naye alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Ilianza kama ombi la kanisani, ikawa wimbo wa wapigania uhuru, mwisho ikawa wimbo wa mataifa.

Nimeanza na wimbo huo kwa sababu unalijibu nusu swali ambalo washarika huniletea mara kwa mara, hasa wazazi, na aghalabu pamoja na simu ya kijana iliyonyang'anywa: je, Mkristo asikilize nyimbo za dunia? Naona swali lenyewe limekaa upande. Wapo waimbaji ambao hawakujiita waimbaji wa injili, nao wakafanya kazi ambayo Kanisa lilipaswa kuifanya likaiacha. Kazi ninayoisema ni kuomboleza mbele za Mungu na mbele za watu, bila kukimbilia ushindi. Katika waimbaji wa Afrika ninaowafahamu, sijasikia aliyeifanya vizuri kuliko Miriam Makeba.

Wengi wetu tunamjua kwa wimbo mmoja wa harusini na kwa filamu moja. Wimbo ni Pata Pata, na filamu ni Sarafina! ya mwaka 1992, ambayo wenye umri wangu tuliitazama kwenye mabanda ya video tukiwa tumebanana kwenye mabenchi, wala hatukujua kwamba yule mama mfanyakazi wa ndani, mama yake Sarafina, ndiye mwimbaji mkubwa kuliko wote waliomo mle ndani. Nitairudia filamu hiyo. Kwanza nimweleze alikotoka, kwa maana bila hapo nyimbo zake hazieleweki.

Alizaliwa Johannesburg tarehe 4 Machi 1932. Alipokuwa na umri wa siku 18 tu, mama yake alikamatwa kwa kosa la kupika pombe ya kienyeji ili apate fedha za kulea, akafungwa miezi sita, na mtoto akakaa naye gerezani. Washarika wanaojua komoni inavyopikwa na kwa nini inapikwa hawahitaji maelezo zaidi. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Sauti yake ililelewa na kwaya: alisoma katika shule ya Wamethodisti ya Kilnerton kule Pretoria, akaimba kanisani kwa Kiingereza, Kixhosa, Kisotho na Kizulu. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1947, Mfalme George wa Sita alipotembelea Afrika Kusini, kwaya ya shule yao ilisimamishwa barabarani kwenye mvua imsubiri mfalme ili imwimbie, na Miriam akiwa ndiye wa kuimba peke yake. Gari la mfalme lilipita bila kusimama.

Huyo ndiye mwanakwaya aliyekuja kuwa sauti ya bara zima. Miaka ya 1950 aliimba na kundi la Manhattan Brothers, kisha na kundi la wanawake la Skylarks. Mwaka 1959 akaonekana katika filamu ya Come Back, Africa, ambayo Mmarekani Lionel Rogosin aliipiga kwa siri, serikali ikidhani anapiga filamu nyingine. Makeba anaonekana ndani yake kwa dakika chache tu, akiimba kwenye kilabu cha pombe, lakini dakika hizo zilitosha: alialikwa Venice filamu ilipoonyeshwa kwenye tamasha la kule, akaenda London, akaenda Marekani kwa msaada wa Harry Belafonte. Mwaka 1960 mama yake alifariki. Miriam alipokwenda kushughulikia safari ya kurudi kuzika, aligundua kwamba pasipoti yake imefutwa. Hakuzika. Mwaka 1963 alisimama Umoja wa Mataifa akaeleza ubaguzi wa kwao, na serikali yake ikamvua uraia na kupiga marufuku santuri zake. Aliruhusiwa kurudi mwaka 1990, baada ya miaka 30.

Hapo ndipo ninapoishika Zaburi ya 137, ile ya mateka walioketi kando ya mito ya Babeli, wametundika vinubi vyao, na waliowateka wakawadai waimbe nyimbo za kwao ziwafurahishe. Tunaihubiri kana kwamba ni jambo la zamani sana. Makeba aliimbishwa hivyohivyo. Wamarekani waliopiga makofi walitaka kusikia ulimi wake unavyogonga katika wimbo wa Qongqothwane, ambao wao waliubatiza jina la wimbo wa kugonga ulimi kwa kuwa walishindwa kulitamka jina lake. Ni wimbo wa harusi wa Waxhosa, mzuri, unaochangamsha, na ameurekodi vizuri mno. Siuweki kati ya nyimbo zake kuu. Huo ni wimbo ambao watekaji waliudai, naye akautoa kwa adabu.

Wimbo ninaouweka juu ya vyote ni Lakutshon' Ilanga, maana yake jua linapozama. Mtunzi wake ni Mackay Davashe. Makeba aliurekodi miaka ya 1950 na Manhattan Brothers, kisha akaurudia katika santuri yake ya kwanza ya Marekani ya mwaka 1960, inayoitwa kwa jina lake. Habari yake ni nyepesi kuisimulia. Jua limezama, ng'ombe wamerudi zizini, na mpendwa hajarudi nyumbani. Anayempenda anasema atakwenda kumtafuta majumbani, hospitalini na magerezani mpaka ampate. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Wimbo hausemi kama alipatikana. Katika mji ambao polisi walimkamata mtu yeyote asiye na kitambulisho chake mfukoni, hospitali na gereza ndizo sehemu mbili ambazo mtu aliyepotea angeweza kuwa, kama hayupo kaburini.

Msikilize anavyouimba. Haongezi machozi. Waimbaji wetu wengi wakifika kwenye neno la uchungu hutetemesha sauti, huvuta pumzi kwa kishindo, ili msikilizaji asikose kujua kwamba hapa ndipo pa kulia. Makeba anaimba polepole, sauti imenyooka, kama mtu ambaye amekwisha kulia mchana na sasa anafunga mlango ili atoke kwenda kutafuta.

Wenye kampuni Marekani walipousikia wimbo huo waliupenda, lakini wakataka maneno ya Kiingereza. Wakaandikiwa mengine kabisa, ya mpenzi mwenye macho mazuri anayesema uongo mtamu, ukatoka mwaka 1956 kwa jina la You Tell Such Lovely Lies. Ulikuwa wimbo wa kwanza kutoka Afrika Kusini kuingia katika orodha ya nyimbo 100 zilizovuma Marekani. Tuni ilibaki ileile, waimbaji walewale, na mtu aliyepotea akaondolewa. Wimbo wa kutafuta ndugu gerezani ukageuzwa kuwa wa kubembeleza. Nasema hivi bila kuwacheka Wamarekani, kwa maana nasikia jambo hilohilo likifanyika kila wiki katika nyimbo zetu za injili. Mwimbaji anaanza na ubeti wa shida ya kweli: mtoto mgonjwa, deni, mume aliyeondoka. Ubeti haujaisha, kinanda kinapanda, na tayari tumeshashinda, adui yuko chini ya miguu, milango imefunguka. Aliyekuwa na mtoto mgonjwa yuko palepale kwenye benchi, na mtoto bado mgonjwa. Mle ndani ya wimbo hamna tena nafasi yake.

Kwa nini jambo hili linanihangaisha? Kwa sababu ya mahali tunapoishi. Tunduma ni mlango. Babu zetu wa nyanda hizi walikwenda kusini kutafuta kazi migodini, wengine Kopabelti, wengine mpaka dhahabu ya Johannesburg, na si wote waliorudi. Leo reli ya TAZARA inapita hapa, lori la shaba linapita hapa, na vijana wanapita hapa kwenda Sauzi, wengine na pasipoti, wengine kwa njia za pembeni. Simu huja miezi ya kwanza. Baadaye namba haipatikani. Katika utumishi wangu nimeketi na zaidi ya familia moja iliyokaa miaka bila habari. Mama mmoja aliniuliza, "Mchungaji, huyu mwanangu tumwombee kama aliye hai au tufanye ibada ya kumshukuru Mungu kwa maisha yake?" Wasomaji wanajua uzito wa swali lile. Sisi Walutheri hatuwaombei wafu. Kama kijana yu hai, mama anapaswa kuomba kila siku. Kama amelala, anapaswa kumwachia Bwana na kufarijika. Mama alikuwa anauliza afanye lipi kati ya hayo mawili, na wala mimi wala yeye hatukuwa na pa kujua.

Kitabu chetu cha Mwimbieni Bwana kina nyimbo za maziko na kina nyimbo za safari. Kijana yule hakuwa wa maziko wala wa safari. Nilimsomea mama Zaburi ya 88, ambayo ni ya pekee kwa kuwa inaanza kwa kilio na inaishia gizani, wala hakuna shukrani mwishoni kama tulivyozoea katika zaburi nyingine za namna hiyo. Alisema, "Kumbe na hii imo kwenye Biblia." Tukaomba pamoja kwamba Mungu, ambaye kwake hapotei mtu, awe naye pale alipo. Hatukuamua ni wapi. Nilipousikiliza tena Lakutshon' Ilanga baada ya siku hiyo nilielewa kwamba Davashe na Makeba walikwisha kulitungia swali la yule mama wimbo, kabla mimi sijazaliwa, na wao pia hawakuamua.

Santuri ya pili ninayotaka washarika waijue ni ile aliyofanya na Belafonte mwaka 1965, An Evening with Belafonte/Makeba, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Jina linafanya mtu adhani wanaimba pamoja mwanzo hadi mwisho. Kwa kweli sehemu kubwa kila mmoja anaimba zake. Belafonte anaimba vizuri, lakini akinyamaza tu na Makeba akaingia, unasikia tofauti kati ya mtu anayependa jambo na mtu ambaye jambo hilo limempata.

Katika santuri hiyo mna Khawuleza, uliotungwa na Dorothy Masuka. Watoto wanacheza barabarani, wanaona gari la polisi linakuja, wanapiga kelele kumwonya mama afanye haraka, afiche. Kumbuka yule mtoto wa siku 18 gerezani kwa sababu ya pombe ya mama yake, na utajua kwa nini anauimba kwa hasira iliyodhibitiwa namna ile. Wafanyabiashara wetu wadogo wa Tunduma, wenye beseni la ndizi kichwani, wanaijua sauti hiyo ya mtoto anayeona mgambo kabla ya mama. Wimbo haumhukumu mama kwa kupika pombe. Mimi kama mchungaji nina la kusema kuhusu pombe na hulisema, lakini nashukuru kwamba wimbo unaanza na mama mwenyewe, na sheria inakuja baadaye.

Mna pia Mbombela, wimbo wa treni ya vibarua, ambao wawili hao wanauimba pamoja kweli. Na mna Ndodemnyama, ambao lazima niseme kitu juu yake kwa kuwa ni mgumu. Unamwonya Verwoerd, waziri mkuu aliyejenga ubaguzi ule, ajihadhari, mtu mweusi anakuja. Mtunzi ni Vuyisile Mini, mwanakwaya mwenye sauti nzito ya besi na kiongozi wa wafanyakazi kutoka Port Elizabeth. Alinyongwa Pretoria tarehe 6 Novemba 1964, na waliokuwa gerezani wanashuhudia kwamba alikwenda kwenye kitanzi akiimba. Makeba ameurekodi wimbo huo mwaka uliofuata, na ameuimba kwa uchangamfu, karibu kama wimbo wa kucheza. Ukiusikia bila kujua Kixhosa utadhani ni wa sherehe.

Je, Mkristo aliyeamriwa ampende adui yake anaweza kuuimba? Nimelijadili na wachungaji wenzangu na hatukukubaliana. Mimi nasema hivi. Ile Zaburi ya mateka niliyoitaja, mwisho wake una maneno ya kutisha kuhusu watoto wa Babeli ambayo kwa kawaida hatuyasomi kwenye ibada. Ukilinganisha, Mini ni mpole: anamwonya adui yake, na kumwonya mtu ni kumpa nafasi ya kugeuka. Nabii Yona alifanya hivyo Ninawi, na alichukia walipogeuka. Nisingeuweka katika liturgia yetu. Ila nisingemzuia mtu aliyeomboleza chini ya sheria zile kuuimba, na nisingethubutu kumwambia kwamba hajaokoka.

Wapo watakaosema mambo ya Afrika Kusini ni siasa. Nawakumbusha historia yetu wenyewe. Juni 1977 Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu lilifanya Mkutano Mkuu wake wa sita hapa nyumbani, Dar es Salaam. Mkutano uleule uliomchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais wa Shirikisho, Mwafrika wa kwanza, ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi ni suala la ukiri wa imani. Kwa maneno mengine, kanisa lililoukubali mfumo ule lilikuwa limeingia kwenye kosa la imani, kama vile kuukana ukiri wenyewe. Na mwaka huohuo wa 1977 ulitoka wimbo wa Soweto Blues, uliotungwa na Hugh Masekela na kuimbwa na Makeba, kuhusu watoto wa shule waliopigwa risasi Soweto kuanzia tarehe 16 Juni 1976. Maaskofu na mwimbaji, bila kuonana, walikuwa wanasema jambo moja, wao kwa azimio na yeye kwa wimbo. Kama mchungaji sipendi kukiri, lakini wimbo ulifika mbali zaidi.

Kinachonigusa katika Soweto Blues ni kwamba hauishii kumlaumu aliyepiga risasi. Unawageukia watu wazima na kuwauliza walikuwa wapi wakati watoto wanarusha mawe. Swali hilo linaumiza kwa sababu linaulizwa na mwanamke ambaye wakati ule alikuwa Guinea, uhamishoni, hakuweza kuwapo hata angetaka. Anajiuliza na yeye. Waimbaji wa maombolezo wa kweli hujihesabu ndani ya kosa, kama Danieli alivyoungama dhambi za taifa akisema sisi, na hakusema wao.

Malaika nitaupitia haraka, ingawa najua ndio wengi wanaousubiri. Ni wimbo wa Kiswahili, uliorekodiwa kwanza na Mkenya Fadhili William, ingawa haki ya utunzi imegombaniwa miaka mingi. Makeba aliuimba na Belafonte katika santuri ile ya 1965 na akaendelea kuuimba kila nchi. Aliufikisha ulimwenguni, tumshukuru. Lakini ulimi wake katika Kiswahili ni ulimi wa mgeni, na kwa sikio langu anauimba mtamu kupita kiasi. Kijana asiye na mahari hana utamu wa namna hiyo. Waulize vijana wa Mbozi na Momba wanaohesabiwa ng'ombe. Na jambo moja kwa kamati za harusi: huu ni wimbo wa mtu ambaye ameshindwa kuoa. Kuupiga bwana na bibi harusi wanapoingia ukumbini ni kichekesho.

Santuri inayowapa washarika shida zaidi ni Sangoma, ya mwaka 1988. Mama yake Makeba, Christina, alikuwa mganga wa jadi, na santuri hii ni ya nyimbo za asili alizozipokea kwake, zimeimbwa kwa sauti yake iliyopandwa juu ya sauti yake, na vyombo vichache mno. Kimuziki ni kazi nzito. Sauti imekomaa, imepungua wepesi wa mwaka 1960, imepata udongo. Lakini jina la santuri halikufichi kitu, na sitajifanya kwamba halipo. Tunaamini kwamba Kristo ametuweka huru na hofu ya mizimu, na nimezika watu waliokufa kwa kuchelewa hospitali wakizungushwa kwa waganga. Kwa hiyo siipendekezi kwa ibada ya nyumbani. Ila ninaisikia kwa namna nyingine pia: ni binti aliyezuiwa kumzika mama yake, na miaka 28 baadaye anaimba nyimbo za mama huyo moja baada ya nyingine. Ni matanga yaliyochelewa. Kabla ya kuihukumu imani ya mama, naomba tumruhusu binti alie.

Maisha yake ya ndoa nayo yana maswali, aliolewa mara kadhaa, na binti yake wa pekee, Bongi, alifariki mwaka 1985. Simleti kwenu kama kielelezo cha nyumba ya Kikristo. Daudi naye hatumleti hivyo, na zaburi tunaziimba.

Sasa Sarafina!. Makeba ana sehemu ndogo. Ni Angelina, mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya Wazungu, na bintiye Sarafina anamwonea aibu kwa kuwa anawatumikia hao wanaowakandamiza. Baada ya gereza na mateso binti anakwenda kumwona kazini kwa mwajiri wake, na kwa mara ya kwanza anamwona mama yake kuwa shujaa, yeye aliyewalisha kwa kunyamaza. Watu hukumbuka nyimbo na ngoma za wanafunzi, na mle pia watoto wanaiimba Sala ya Bwana kwa namna ambayo kwaya zetu za vijana zingefaa kuisikia. Mimi namkumbuka yule mama. Mwimbaji aliyeimbia marais amepewa nafasi ya mwanamke mwenye aproni, na anatumia uso tu, kwa kiasi. Anajua kunyamaza, kama anavyojua katika Lakutshon' Ilanga kuacha nafasi kati ya mstari na mstari.

Imebaki Pata Pata. Aliurekodi upya Marekani mwaka 1967, ukafika nafasi ya 12 kule, ukamfanya ajulikane duniani kote. Yeye mwenyewe alisema zaidi ya mara moja kwamba alishangaa kujulikana kwa wimbo usio na uzito kuliko nyingine zake. Maana yake ni kugusagusa, ni mtindo wa kucheza. Kwetu wapo wanaodhani unahusu kupata, na siku hizi neno kupata limekuwa injili kamili katika baadhi ya mahema, kwa hiyo siwashangai. Nilikuwa tayari kumkubalia Makeba kwamba wimbo huo ni mwepesi na kuishia hapo.

Lakini lipo la Castel Volturno. Septemba 2008, katika mji huo mdogo wa Italia, wauaji wa genge la wahalifu waliwapiga risasi wahamiaji sita Waafrika, vibarua, watu wa aina ile wanaopita getini kwetu na mkoba mmoja. Mwaka huohuo, mwezi Mei, Waafrika wageni waliwindwa na kuuawa katika vitongoji vya Johannesburg kwenyewe, alikozaliwa yeye. Novemba lilifanyika tamasha Castel Volturno kupinga genge lile, na Makeba, mwenye miaka 76, anayetembea kwa taabu, akaenda kuimba. Wimbo wake wa mwisho jukwaani ulikuwa Pata Pata. Baada ya kuumaliza alianguka, na usiku ule akafariki.

Rekodi ya mwaka 1967 haijabadilika, ina wepesi uleule. Ila siku hizi nikiisikia ukumbini, vijana wakicheza, nawafikiria wale sita pia.